Tuwape wanafunzi muda wa kutafuta hitilafu

Chukua gari dogo la roboti, la aina ambayo wanafunzi wa sekondari huunda katika somo la teknolojia: mota mbili, kihisi cha kupima umbali, betri, na bodi ndogo ya kompyuta inayotoa amri. Likiinuliwa juu ya meza, magurudumu yakizunguka hewani, kila kitu kinakwenda sawa. Likiwekwa sakafuni linasogea kidogo, linasimama, taa yake inazima na kuwaka, kisha linaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa. Wanafunzi wanaikimbilia programu. Wanapunguza kasi, wanafuta mistari, wanaipakia tena, wanajaribu tena. Gari ni lile lile, kwa sababu programu haina kosa.

Kosa liko kwenye umeme. Mota inapoanza kuzunguka ikiwa na mzigo huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapozunguka hewani. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo mkondo ukipanda ghafla volti zinazoifikia bodi hushuka. Zikishuka kupita kiwango ambacho bodi inaweza kuvumilia, bodi inazima. Mota zinakosa amri, mkondo unapungua, volti zinapanda, bodi inawaka, inaziamuru mota zizunguke, na mchezo unaanza upya. Dawa yake ni kuzipa mota betri ya peke yake na kuunganisha upande hasi wa betri hizo mbili. Mwanafunzi aliyegusisha ncha za multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye waya wa bodi, akaona namba zinaporomoka kila gari linapotaka kuondoka, hatausahau ukinzani wa ndani wa betri. Alishausoma kwenye fizikia, pengine hata swali lake kwenye mtihani alilipata. Ila hajawahi kuuona ukimsimamishia kazi.

Msimamo wangu ni kwamba muda huo wa kuhangaika na gari lisilotembea ndio somo lenyewe. Mengine yote, kuanzia bodi, mota na karakana yenye mashine za kisasa hadi siku ya maonyesho, yapo ili muda huo upatikane. Na ninaandika haya kwa sababu masomo ya vitendo ya teknolojia na uhandisi yanapata wafuasi wengi, jambo la kushukuru, lakini mara nyingi yanapangwa kwa namna inayouondoa kabisa muda huo.

Angalia somo linavyokuwa likiandaliwa kwa kuogopa makosa. Mwanafunzi anapewa boksi la vifaa vilivyohesabiwa, karatasi ya maelekezo yenye picha, na programu iliyokwisha kuandikwa. Waya mwekundu anauchomeka palipochorwa wekundu. Rizista ya omu 220, kile kipande kidogo cha kuzuia mkondo, imo ndani ya boksi, anaiweka kabla ya taa ya LED, taa inawaka, anapiga picha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini 220 na si 22 wala 22,000. Hesabu yake ni ya dakika mbili: umeme ni volti 5, taa nyekundu inachukua takriban volti 2, zinabaki 3, ukitaka mkondo usizidi ampia 0.02, gawa 3 kwa 0.02 upate omu 150. Kwa hiyo 220 inatosha na inaiachia taa nafasi ya kupumua. Ukiweka 22 mkondo unakaribia ampia 0.14, na taa haidumu. Ukiweka 22,000 taa inafifia hadi huioni vizuri. Mpe mwanafunzi rizista zote tatu, mwambie aandike atakachokiona kabla ya kuunganisha, halafu aunganishe. Taa moja iliyoungua baada ya mwanafunzi kuandika kwamba itaungua imefundisha kuliko taa thelathini zilizowaka kwa kufuata picha.

Adui mwingine ni ratiba. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kazi ya mikono, na walimu wanalijua hilo vizuri. Vifaa vigawiwe, kazi ya juzi itafutwe, waya zilizochomoka zirudishwe, na ukifika wakati wa kuanza kufikiri, inabidi kukusanya na kufagia. Katika mazingira hayo mwalimu mwenye huruma anafanya kinachoonekana kuwa msaada: anapita meza hadi meza akirekebisha. Anaona waya uliokosewa, anauhamisha, anaenda meza nyingine. Gari linatembea na mwanafunzi anashukuru, ila aliyefanya uhandisi siku hiyo ni mwalimu. Vipindi viwili vilivyounganishwa mara moja kwa wiki vina faida kubwa kuliko vipindi vitatu vilivyotawanyika, hata kama jumla ya dakika imepungua.

Ubishi kuhusu namna ya kufundisha kazi ya mikono ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1868, katika Shule ya Kifalme ya Ufundi ya Moscow, mkuu wake Victor Della Vos alianzisha mfumo wa mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi. Badala ya mwanafunzi kukaa pembeni ya fundi miaka mingi akiokota ujuzi kidogo kidogo, ufundi ulichambuliwa: tupa kwanza, kisha patasi, kisha kiungo cha aina hii, kisha cha aina ile. Mazoezi hayo yalipoonyeshwa Philadelphia mwaka 1876, John Runkle, aliyekuwa rais wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aliyapokea kwa shauku, na mwaka 1879 Calvin Woodward akaasisi shule ya mafunzo ya mikono mjini St. Louis. Wakati huo huo kaskazini mwa Ulaya kulikuwa na mtazamo mwingine. Uno Cygnaeus alikuwa amefanikisha kazi za mikono kuwa somo katika shule za msingi za Ufini mwaka 1866, na Otto Salomon, huko Nääs nchini Uswidi, akawa anafundisha walimu njia ambayo mtoto hatengenezi kiungo kisicho na kazi, anatengeneza kitu kizima kitakachotumika nyumbani.

Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Mazoezi ya Moscow yaliutambua ukweli kwamba mkono unahitaji kufundishwa kwa mpangilio. Huwezi kumwambia mtu abuni mashine wakati hajui kufunga kipande kwenye jiriwa. Uswidi ilitambua kwamba mtu hufanya kazi kwa moyo akijua kitu kina matumizi. Kilichopungua pande zote mbili ni kwamba kitu kilichotakiwa kilijulikana tangu mwanzo. Mwanafunzi alipimwa kwa kukikaribia kielelezo. Boksi la vifaa na karatasi ya picha ni urithi wa jambo hilo hilo, ila sasa lina bodi ya kompyuta ndani.

Baadaye likaja pigo lililo baya zaidi, nalo ni kuwatenganisha wanafunzi. Nchini Marekani, sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilileta fedha za serikali kuu kwa ajili ya elimu ya ufundi, jambo jema, lakini ilisaidia kuijenga elimu hiyo kama njia ya pembeni, yenye fedha zake, usimamizi wake na wanafunzi wake. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu ambaye mwaka 1896 alianzisha shule ya majaribio Chicago ambako watoto walipika, walifuma na kujenga ili waelewe sayansi na historia, alikuwa ameshapinga mgawanyo wa namna hiyo. Alikuwa sahihi. Popote karakana ilipofanywa mahali pa kuwapeleka wanaoonekana hawawezi vitabu, imepata hasara mara mbili: walio ndani wamenyimwa hisabati, na walio nje wamenyimwa mikono. Anayelehemu bila kujua Sheria ya Omu, inayounganisha volti, mkondo na ukinzani, amepungukiwa, na anayeiandika Sheria ya Omu bila kuwahi kushika waya wenye hitilafu amepungukiwa vile vile.

Mtu aliyelifikia jambo hili kwa njia ninayoiamini ni Seymour Papert, mmoja wa waliounda lugha ya Logo mwaka 1967 ili watoto waweze kuiamuru kompyuta. Mwaka 1980 aliandika kwamba swali la kuuliza kuhusu programu ya mtoto si kama ni sahihi au ina makosa, ni kama inaweza kurekebishwa. Shuleni tumezoea alama ya vema na alama ya kosa, basi. Mhandisi hana anasa hiyo. Kila anachokiunda kinaanza kikiwa na kasoro, na kazi yake ni kujua kasoro iko wapi, imesababishwa na nini, na ni ipi aianze.

Kisingizio cha vifaa nacho kimepungua nguvu. Bodi ya Arduino ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu wasio wahandisi. Raspberry Pi, kompyuta nzima juu ya bodi moja ndogo, ikaja mwaka 2012. Mwaka 2016 Uingereza ikaanza kugawa bodi ya micro:bit kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari. Zote zilikusudiwa kuwa rahisi kupatikana, na zimefanikiwa. Ila kitu cha kununua kwanza kama fedha ni kidogo ni multimita, moja kwa kila kundi la wanafunzi wawili au watatu, kabla ya printa ya 3D na kabla ya roboti iliyokwisha kuungwa. Printa inavutia wageni. Multimita inamfundisha mtoto kuuliza badala ya kubahatisha.

Tena somo zuri halihitaji umeme kila mara. Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, Marekani, vivuko viwili vya kupita kwa miguu vilivyoning'inia ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency vilianguka watu wakiwa kwenye dansi. Walikufa watu 114. Katika mchoro wa awali, kivuko cha juu na cha chini vilishikwa na nondo zile zile ndefu kutoka darini, kila kivuko kikikaa juu ya nati zake. Kutengeneza nondo ndefu namna hiyo, zenye hesi za kupandisha nati hadi kivuko cha juu, kulikuwa na usumbufu, basi mpango ukabadilishwa: seti moja ya nondo kutoka darini hadi kivuko cha juu, na seti nyingine kutoka kivuko cha juu hadi cha chini. Kwenye karatasi ni badiliko dogo. Lakini tangu hapo nati zilizoshika boriti za kivuko cha juu zilibeba vivuko vyote viwili. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata mchoro wa awali ungebeba takriban asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za jiji.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuligusa janga hilo kwa kamba, vipande viwili vya kadibodi na chupa mbili. Toboa kadibodi, pitisha kamba moja kutoka juu, funga fundo chini ya kipande cha kwanza na fundo jingine chini ya kipande cha pili. Ning'iniza chupa kwenye kila kipande, ongeza maji sawasawa kwenye chupa zote mbili, na uandike ni kiasi gani kilipofanya fundo lichane kadibodi. Kisha tumia kadibodi mpya, lakini safari hii kamba ya chini ifungwe kwenye kipande cha juu. Ongeza maji. Fundo la juu litachana kadibodi kwa takriban nusu ya maji ya mara ya kwanza, kwa sababu sasa limebeba chupa mbili. Ukimwonyesha mwanafunzi mchoro wa nguvu ubaoni ataunakili. Akishikilia kamba mwenyewe na kuona kadibodi ya juu inachanika wakati ya chini haijaguswa, ataanza kuuliza swali ambalo halikuulizwa kwa uzito uliostahili kule Kansas City: mzigo huu sasa unapitia wapi?

Hapa niseme jambo kwa wanaopenda vitendo kama mimi, kwa sababu tuna udhaifu wetu. Kuna mashindano maarufu ya kujenga madaraja ya vijiti na gundi, kisha kuyapakia uzito hadi yavunjike. Yanasisimua, watoto wanapiga makofi, na mara nyingi hakuna aliyejifunza kitu, kwa sababu hakuna aliyetabiri. Kuvunja bila kukadiria ni burudani. Kabla uzito haujawekwa, kila kundi liandike daraja litavunjikia wapi, kwa uzito gani, na kwa nini. Hapo ndipo hisabati inapoingia yenyewe bila kusukumwa. Kijiti chembamba kinachosukumwa kutoka ncha zote mbili hupinda kabla hakijapondeka, na nguvu ya kukipindisha inategemea mraba wa urefu wake: ukikifunga katikati, urefu unaoweza kupinda unakuwa nusu, na uwezo wake unaongezeka takriban mara nne. Boriti ikiongezwa kimo mara mbili, ugumu wake wa kupinda unapanda mara nane. Mwanafunzi aliyetabiri vibaya ana deni la kueleza, na deni hilo linampeleka kitabuni kwa hiari yake.

Sasa suala la alama, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, maana wanafunzi ni watu wenye akili na watafanya kinachopewa alama. Ukitoa alama kwa gari linalotembea siku ya maonyesho, utapata magari yanayotembea: mengine yameazima programu kutoka intaneti, mengine yamerekebishwa na kaka mwenye ujuzi, na mengine yana kundi la watu wanne nyuma yake ambamo mmoja tu ndiye aliyefanya kazi. Siku hizi programu za akili bandia zinaandika msimbo wa gari zima kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo msimbo unaokwenda peke yake hautuambii tena chochote kuhusu aliyeuwasilisha.

Toa alama kwa daftari. Daftari la uhandisi si ripoti nzuri iliyoandikwa jioni ya mwisho; ni kumbukumbu inayoandikwa kazi ikiendelea, kwa kalamu, bila kufuta. Niliona nini. Nashuku nini. Nimepima nini, wapi, nikapata namba gani. Nimebadilisha kitu kimoja kipi. Kikatokea nini. Kile cha nne ndicho kigumu kuliko vyote kwa kijana, kwa sababu akikasirika hubadilisha vitu vitano kwa mpigo, na gari likitembea hajui lipi lililosaidia. Daftari linamkataza. Na mtihani wa mwisho uwe hivi: weka mezani saketi ambayo mwalimu ameiharibu kwa makusudi sehemu tatu, labda waya uliokatika ndani ya plastiki yake, rizista isiyo sahihi, na swichi iliyoachwa bila rizista ya kuishikilia hivyo inasoma sufuri na moja ovyo. Mpe mwanafunzi multimita, mchoro na saa moja. Aliyepata hitilafu mbili na kuandika vizuri njia aliyopitia ana haki ya alama za juu kuliko aliyezipata tatu kwa kutikisa waya.

Mashindano ya roboti yana sifa yake hapa, na sitaki kuyadharau. Mvumbuzi Dean Kamen aliasisi FIRST, shirika linaloandaa mashindano hayo, mwaka 1989, mashindano ya kwanza yakafanyika 1992, na tangu hapo vijana wengi wameonja kazi yenye tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Siku ya mashindano hitilafu hazimwonei haya mtu, na pale pembeni ya uwanja, bisibisi mkononi, muda ukiyoyoma, kijana anajifunza kwa kasi ambayo darasani haipo. Wasiwasi wangu ni juu ya nani anayeshika hiyo bisibisi. Timu ikiachwa ijigawie kazi yenyewe, mwenye uzoefu atashika zana, na aliye mgeni atapewa bango na kinasa picha. Mara nyingi mno wasichana ndio wanaobaki na bango. Hakuna njia ya upole ya kurekebisha hili: mwalimu apange zamu, zana ziwe zinahama mkono kwa mkono, na atakayechelewesha timu kwa sababu ndiyo kwanza anajifunza kulehemu alindwe. Afadhali kupoteza mechi.

Usalama hauna mjadala. Miwani machoni, kipande kwenye jiriwa na si kwenye kiganja, nywele na mikono ya nguo vifungwe mbele ya mashine inayozunguka, betri za lithiamu zisiachwe zikichajiwa bila mtu. Hitilafu ninazozitetea ni za volti 5 na za kadibodi.

Anayebaki ni mwalimu, na kwake ndiko mzigo mkubwa uliko. Somo linaloruhusu hitilafu ni somo ambalo mwalimu hana jibu mfukoni. Mtoto anaita, gari halisogei, na mwalimu naye hajui kwa nini. Katika masomo mengine hiyo ni aibu. Katika hili ndiyo nafasi ya kumwonyesha mtoto mtu mzima anavyofikiri asipojua: anauliza nini, anapima nini kwanza, anaondoa shaka ipi. Mwalimu hawezi kufanya hivyo kama mafunzo yake yalikuwa siku mbili za kufuata karatasi ile ile ya picha atakayowapa wanafunzi. Mafunzo ya walimu yawe na vitu vilivyoharibika, na walimu wakae navyo mpaka wavitengeneze. Na msimamizi anayepita darasani akikuta magari sita kati ya kumi hayatembei, asiandike kwamba somo limeshindikana kabla hajafungua madaftari ya hayo sita. Madaftari hayo yawekwe karakanani mwaka ukiisha, kwa sababu wanafunzi wa mwaka unaofuata watakutana na bodi ile ile inayozima, na watakuwa na mahali pa kuanzia.